Ndivyo Alivyo

Kabla jua halijachomoza juu ya vilima vya Itumbe, wachumaji chai huwa wamekwisha kuingia mashambani. Ukungu huwa bado umelala mabondeni, na umande hulowesha nguo zao hadi kiunoni. Baadaye, vikapu vikishajaa, wao huvifuata vijia vyekundu vinavyopanda hadi kwenye kituo cha kununulia majani, wakapanga foleni mbele ya mizani na kulingoja lori la kiwanda. Kando ya kituo kimoja kati ya vituo hivyo pana jiwe kubwa. Kwa muda wa miezi 7 kijana mmoja wa miaka 26 alishinda juu ya jiwe hilo tangu asubuhi hadi giza lilipotanda. Hakuwa na kikapu mgongoni wala hakuwa akilingoja lori. Macho yake yalikuwa kwenye barabara itokayo mjini Kisii. Mara kwa mara alijipiga kichwani kwa ngumi, akatamka neno moja tu: "Tata."

Wapita njia waliizoea hali hiyo upesi. Mgeni alipouliza kijana yule alikuwa na nini, alijibiwa kwa maneno mawili yaliyofunga mjadala: "Ndivyo alivyo." Maneno hayo hayakusemwa kwa chuki. Yalisemwa kwa upole, hata kwa huruma, na yamkini hapo ndipo ilipojificha hatari yake. Lingalikuwa tusi, pangalitokea mzee wa kulikemea. Huruma haina wa kuikemea.

Ukweli ni kwamba kijana huyo hakuwa hivyo siku zote. Alizaliwa kwa shida, akachelewa kulia, akachelewa kukaa, akatembea wakati ambapo wenzake walikuwa wakikimbia. Neno lake la kwanza lilimtoka akiwa na umri wa miaka 4. Wazazi wake walimpeleka katika kituo cha kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu. Vituo vya aina hiyo vilianza nchini Kenya mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na mwaka 1986 ikaundwa Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya ili kuwaandaa walimu. Hapo ndipo mamake aliposikia kwa mara ya kwanza kwamba mwanawe alikuwa na ulemavu wa akili; kwamba hali hiyo haikuwa laana wala adhabu; kwamba haikuwa na dawa, ila mtoto angejifunza akifunzwa polepole. Aliingizwa katika kitengo maalumu cha shule ya msingi, akajifunza kuvaa shati, kunawa, kungoja zamu yake na kusalimia. Kuhesabu hakukumwingia kupita 3.

Yaliyobaki alifundishwa na babake. Kila alfajiri wawili hao walishika njia ya shambani, baba akitangulia na mwana akifuata nyuma. Chai haitaki hesabu kubwa. Yataka jicho la kuyaona majani mawili na kichipukizi, na vidole vya kuyavunja bila kuyaponda. Kijana alijaliwa vyote viwili. Baba alimwonyesha safu yake, akamwacha, akarudi baadaye na kukuta kikapu kisicho na jani gumu hata moja. Walipofika kituoni, mwana ndiye aliyekiinua kikapu na kukitundika kwenye mizani, huku akimwamkia karani, dereva na kila aliyekuwapo kwa Ekegusii: "Bwakire!" Aliitikiwa. Hata alipoitoa salamu hiyo ya asubuhi wakati wa jioni, aliitikiwa vivyo hivyo. Alikuwa na kazi yake, njia yake na mtu wake.

Mwezi mmoja wa mvua kubwa, baba alishikwa na kifua, akapelekwa hospitalini, na baada ya siku 9 akarudishwa nyumbani katika jeneza.

Ukoo ulikutana usiku. Kati ya mambo yaliyoamuliwa, pamoja na turubai za kukodi na zamu za wapishi, lilikuwamo suala la kijana. Ami yake mkubwa alihofia kwamba angepiga kelele mbele ya waombolezaji, au ajitupe juu ya jeneza wakati wa mahubiri. Ilikubaliwa kwamba apelekwe kwa wajomba zake, ng'ambo ya bonde, akae huko siku 3. "Hata akiwapo hataelewa," alisema ami. Hakuna aliyelikusudia baya. Mama alikuwa ameketi chini, shuka kichwani, naye hakuulizwa. Basi ndugu zake wote walitupa udongo kaburini isipokuwa yeye. Aliporejea alikuta tuta la udongo mbichi kando ya nyumba, na kiti cha baba kimeondolewa barazani. Hakuna aliyemweleza lolote, kwa kuwa ilikwisha semwa kwamba hataelewa.

Wiki kadhaa baadaye alianza kususia chakula. Ugali na chinsaga, mboga aliyoipenda kuliko zote, vilirudi jikoni bila kuguswa. Usingizi ulimpaa. Alikataa kukanyaga shambani, akahamia juu ya lile jiwe. Siku moja mamake alipomvuta mkono ili amrudishe nyumbani, alimsukuma akaanguka. Siku nyingine aliiangusha mizani mbele ya umati. Hapo maneno ya watu yaliongezewa mkia: "Ndivyo alivyo, ila sasa amezidi." Ami alileta kamba, na kijana akawa akifungwa mguu kwenye nguzo ya ghala kila usiku ili asitoroke. Kanisani aliombewa Sabato 3 mfululizo. Ukazuka pia mnong'ono kuhusu shangazi mmoja mzee aliyeonekana akipita karibu na boma usiku. Mnong'ono wa aina hiyo si wa kuchezewa. Mnamo Oktoba 2021 wanawake 4 wazee waliuawa na umati huko Marani, katika Kaunti ya Kisii, kwa tuhuma za uchawi. Maradhi yanapokosa jina, lawama hutafuta mtu wa kumwangukia.

Mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kuyatazama maneno yale mawili kwa makini. Katika umbo "alivyo", mofimu -li- si ile ya wakati uliopita. Ni kitenzi kishirikishi, na umbo zima halina wakati. Halisemi jana, leo wala kesho. Anayesema "ndivyo alivyo" humtoa mtu nje ya wakati, akamweka mahali ambapo hakuna jambo jipya linaloweza kumpata. Angesema "ndivyo alivyokuwa", angekuwa amefungua mlango, kwa maana lililokuwapo laweza kulinganishwa na lililopo. Tofauti ya maumbo hayo mawili yakaribia kuwa tofauti ya ulemavu wa akili na maradhi ya akili. Ulemavu wa akili ni hali inayoanza kabla ya utu uzima, hudumu, na huhitaji mafunzo na msaada. Maradhi ya akili yana mwanzo: humfika mtu, yakambadilisha, na mara nyingi hutibika. Linalosahaulika ni kwamba mtu mmoja aweza kuwa na yote mawili.

Msamiati wa zamani ulizitenga hali hizo kwa namna yake, ingawa kwa ukali. Punguani ni mtu aliyepungua. Taahira ni neno lenye asili ya Kiarabu, la ukoo mmoja na ahirisha: ni mtu aliyechelewa. Mwendawazimu ana undugu na mizimu, na majinuni ana undugu na majini. Hao ni watu walioingiliwa na kitu kutoka nje. Kichaa, kiziwi, kipofu na kiwete walipewa umbo la ngeli ya vitu, japo upatanisho wao ni wa viumbe hai. Kiswahili cha siku hizi kimejitahidi kuyaweka kando matusi hayo, na kimefanya vyema kusema "mtu mwenye ulemavu". Hata hivyo, "ulemavu wa akili" na "ugonjwa wa akili" yamekaribiana mno vinywani mwa watu. Neno linalosikika ni akili; lile linalolitangulia humezwa.

Fasihi nayo haijajitenga na mazoea hayo. Katika Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya Ken Walibora ya mwaka 2012, Matuko Weye ni mwendawazimu anayethubutu kuyasema hadharani yale ambayo wenye akili timamu wanayaogopa. Katika riwaya hiyo hiyo wamo watoto wa Mwalimu Majisifu wenye ulemavu, wanaoonewa aibu na baba yao mzazi hadi Imani anapofika na kuwatunza kwa utu. Mwandishi amewatendea haki wote, kila mmoja kwa nafasi yake. Lakini ukitazama kwa upana, mwendawazimu katika riwaya na tamthilia zetu hupewa sauti ya kusema ukweli, na mwenye ulemavu wa akili hupewa mtu wa kumtunza. Ni nadra mno kumpata mhusika mwenye ulemavu wa akili ambaye pia ana huzuni yake mwenyewe, inayoanza siku fulani kwa sababu fulani.

Mama hakuwa na nafasi ya kuyawaza hayo. Aliuza mbuzi, akapanda matatu na mwanawe hadi hospitali moja mbali na nyumbani. Tabibu waliyemkuta alikuwa mgeni katika nchi ya Wagusii na foleni yake ilikuwa ndefu. Alimwuliza kijana kwa Kiswahili, huku akimwonyesha mama: "Huyu aliyekuleta ni nani?" Kijana alimtazama mamake, akajibu: "Baba." Akaulizwa tena, akajibu vile vile. Tabibu akaandika kwamba mgonjwa hawezi kumtofautisha mama na baba. Mama, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni, hakuona la kusahihisha, kwa sababu mwanawe alikuwa amejibu sawasawa. Katika Ekegusii, baba ni mama. Baba mzazi huitwa tata. Na kijana alipolirudia neno lake la barabarani, "Tata, tata," ilidhaniwa kuwa anabwabwaja. Waliondoka na dawa za kumtuliza. Alitulia kweli. Alilala mchana kutwa, mate yakimchuruzika, na watu wakasema kwamba afadhali.

Mgonjwa haulizwi uji, walinena wahenga, wakiwa na maana kwamba apewe bila kungoja aombe. Huyu aliulizwa, akajibu ukweli mtupu, na jibu lake likahesabiwa kuwa dalili.

Tabibu yule hakuwa mtu mbaya, na kosa lake si la Kenya peke yake. Mwaka 1982 Steven Reiss na wenzake nchini Marekani waliwapa wanasaikolojia maelezo ya mtu mwenye hofu kubwa iliyomlemaza. Baadhi yao waliambiwa kwamba mtu huyo ana ulemavu wa akili, na wengine hawakuambiwa hivyo. Dalili zilikuwa zile zile. Walioambiwa habari za ulemavu hawakuwa wepesi kuiona hofu hiyo kuwa maradhi yanayohitaji tiba. Ulemavu ulikuwa umeyatupia maradhi kivuli. Wala maradhi yenyewe si haba kwa watu hawa. Utafiti uliofanywa Glasgow, Uskoti, na kuchapishwa mwaka 2007, uliwachunguza watu wazima 1,023 wenye ulemavu wa akili, ukabainisha kwamba takriban 4 kati ya kila 10 walikuwa na tatizo la afya ya akili wakati huo. Hao waliishi katika nchi yenye madaktari wa kutosha wa kuwatambua.

Isitoshe, kivuli hicho kiliwahi kutupwa juu ya taifa zima. Mwaka 1933 kiliundwa mjini Nairobi chama cha walowezi na madaktari cha kuchunguza kile walichokiita uboreshaji wa mbari. Mmoja wa viongozi wake, daktari H. L. Gordon, aliyetoa huduma katika hospitali ya Mathari, alidai kwamba upungufu wa akili wa kuzaliwa nao ulikuwa umeenea miongoni mwa Waafrika wa Kenya. J. C. Carothers, aliyeisimamia Mathari kuanzia 1938 hadi 1950, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Humo aliilinganisha akili ya Mwafrika na ile ya Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo. Aidha, aliona kwamba sonona, yaani huzuni inayokuwa maradhi, ni nadra kwa Waafrika. Hoja hizo mbili zilikwenda sambamba. Akikwisha kuaminika kwamba hana akili kamili, mtu hatarajiwi kuwa na huzuni kamili. Wajukuu wa watu waliosemwa hivyo wangetarajiwa kuwa wa mwisho kuyasema maneno hayo. Kumbe "hataelewa", lililosemwa usiku ule wa matanga, ni mtoto wa dai lile lile.

Aliyelifungua fundo hili hakuwa daktari. Alikuwa mhudumu wa afya ya jamii, mwanamke wa kijiji cha pili, mkulima wa chai kama wengine. Kenya ilianzisha mkakati wa afya ya jamii mwaka 2006, na Septemba 2023 serikali ikauzindua upya kwa wahamasishaji takriban 100,000, kila mmoja akiwa na nyumba zake za kutembelea, mkoba wa vifaa na simu ya kunakili habari. Siku hiyo alikuja kumpima mama shinikizo la damu. Aliiona alama ya kamba kwenye kifundo cha mguu wa kijana. Hakufoka wala hakutaja sheria. Alikaa kwenye kigoda, akauliza: "Mong'ina, alikuwaje kabla?"

Mong'ina ni neno la heshima kwa mwanamke mtu mzima. Pengine ni heshima hiyo iliyomfungua mama kinywa, au pengine ni swali lenyewe, kwa kuwa katika miezi yote 7 hakuna aliyekuwa ameliuliza. Alianza na kikapu kisicho na jani gumu. Akaja kwenye salamu za asubuhi zinazotolewa jioni. Akasimulia jinsi mwanawe alivyokuwa akicheka kwa sauti lori lilipopiga honi. Mgeni wake alisikiliza mpaka chai ikapoa.

"Hayo yalikoma lini?"

"Babake alipofariki."

"Yeye aliambiwa nini?"

Mama alinyamaza kwa kitambo. "Hatukumwambia," akasema.

"Na kule barabarani huwa anasema nini?"

"Anamwita babake." Na alipoyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake mwenyewe, mama alijifunika uso kwa leso. Babake kijana aliondoka akiwa hai, ndani ya gari, akishuka barabara ile. Mwanawe hakuwa amepandwa na wazimu wowote. Alikuwa amekwenda kumngoja mtu pale alipomwona mara ya mwisho.

Kuulizia chanzo cha ugonjwa si jambo geni kwa Wagusii. Walikuwa na mabingwa wa kupasua kichwa, ababari, waliomtibu mtu aliyesumbuliwa na maumivu ya kichwa baada ya kupigwa au kuanguka. Daktari Edward Margetts, aliyewahi kufanya kazi Mathari, aliandika habari zao mwaka 1967. Mtu hufunuliwa fuvu kwa sababu ya pigo lililompata siku fulani. Huwezi kuianza kazi hiyo bila kujua pigo liliangukia wapi. Mama alijua vyema mwanawe aliangukiwa na nini. Alichokosa ni mtu wa kumwuliza.

Mhudumu wa jamii hatoi tiba ya maradhi kama hayo, naye alijua mpaka wa kazi yake. Alimpigia simu muuguzi wa afya ya akili, na baada ya wiki 2 muuguzi huyo akafika bomani mwenyewe. Ziara hiyo fupi inaficha safari ndefu. Mathari ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910, na kwa miongo mingi kutibiwa akili kulimaanisha kusafirishwa hadi Nairobi na, mara nyingi, kusahauliwa huko. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 ilizungumza zaidi juu ya kulazwa hospitalini. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, huduma za afya zikagatuliwa kwa kaunti mwaka 2013, na marekebisho ya mwaka 2022 yakaipa kila kaunti wajibu wa kutoa huduma ya afya ya akili karibu na wananchi. Sheria, hata hivyo, haipandi kilima. Muuguzi mmoja huhudumia eneo kubwa, dawa huadimika, na mama asiye na nauli hukosa miadi. Kwa hiyo huduma ya jamii husimama au huanguka kwa watu wawili: yule anayepita nyumbani na kuona, na yule anayepokea simu na kuja.

Muuguzi hakuanza na akili. Alitazama meno na masikio ya kijana, akamwuliza mama kuhusu kifafa, kwa sababu mtu asiyeweza kusema "naumwa" huweza kuyasema maumivu kwa ngumi. Alipoona mwili hauna neno, aliuliza habari za usingizi, chakula, uzito, kazi na vicheko. Kwa mtu mwenye maneno machache, sonona haisomwi katika anayoyasema bali katika anayoyaacha. Alizungumza naye kwa Ekegusii. Kisha, baada ya kushauriana na daktari, zile dawa za kumlaza zilianza kupunguzwa kidogo kidogo na nafasi yake ikachukuliwa na dawa ya sonona. Kamba alimwomba ami aifungue mwenyewe. Halafu akatoa agizo lililowashangaza wote: kijana aambiwe.

Ami alisita. Alisema kwamba kulitaja jambo hilo ni kutonesha donda. Muuguzi alimjibu kwa adabu kwamba donda hilo halikuwahi kufungwa. Alieleza namna ya kufanya: maneno yawe mafupi na yasiwe ya mafumbo. Isisemwe kwamba baba amelala, maana aliyelala huamka. Wala kwamba amesafiri, maana msafiri hungojwa. Isemwe kwamba amekufa. Aonyeshwe kaburi, apewe kitu cha marehemu akishike, na akiuliza tena ajibiwe vile vile, hata kama ni mara 100. Mwanafunzi wa lugha angetua hapo. Tafsida, ambayo tunafunzwa kuwa ni adabu ya msemaji, yaweza kuwa ukatili kwa msikilizaji anayelichukua neno kama lilivyo.

Jumamosi moja baada ya ibada walikusanyika kando ya nyumba: mama, ndugu, ami, na yule shangazi mzee ambaye mnong'ono ulikuwa umeanza kumsahau. Majani yalikuwa yamekwisha kuota juu ya tuta. Mama alimshika kijana mkono, akamwambia kwa Ekegusii kwamba Tata amekufa, kwamba yumo humu, kwamba hatarudi kwa barabara. Akampa koti la marehemu la shambani, lile lenye utomvu wa chai mikononi. Kijana alilinusa. Alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya udongo, akauliza: "Tata?" Mama akajibu: "Ee, Tata." Ami yake akainama, akafukua udongo kidogo kwa vidole, akamtia mkononi. Kijana aliutupa juu ya kaburi kama ndugu zake walivyokuwa wameutupa miezi mingi kabla. Hakupiga kelele. Aliyelia kwa sauti siku hiyo alikuwa ami.

Hakupona kesho yake. Alirudi jiweni wiki nzima, na kila jioni mama alikwenda kumchukua, akamleta kaburini, akajibu swali lile lile. Siku moja hakwenda jiweni. Mwezi wa tatu alikula chinsaga akaomba nyongeza. Mwezi wa nne alikichukua kikapu kutoka ghalani bila kutumwa. Ulemavu wake upo, na hakuna aliyemwahidi kwamba utaondoka. Hesabu yake bado haipiti 3. Kuna nyakati ambapo zahanati haina dawa, na zipo siku za mvua kubwa ambapo hujifungia na kutotaka kuonana na mtu. Mhudumu wa jamii bado hupita, na swali lake halijabadilika: leo yukoje, na juzi alikuwaje?

Kila alfajiri mama na mwana hushika njia ya shambani. Hupita kando ya kaburi, kijana akasimama kidogo, akasema "Tata", kisha wakaendelea. Zamani yeye ndiye aliyefuata nyuma. Sasa hutangulia, mama akimfuata. Kituoni hukitundika kikapu kwenye mizani na kumwamkia kila mtu, jioni kama asubuhi, naye huitikiwa. Mara chache hulitazama lile jiwe akasimama mbele yake kimya. Mgeni akiuliza kijana huyo ana nini, karani hujibu huku akiandika uzito wa majani:

"Alifiwa na babake."